Sindano za vichocheo vya ukuaji kwa magoti yaliyosagika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Maswali haya nayasikia karibu kila wiki, nusu yake kutoka kwa wenye magoti na nusu kutoka kwa watoto wao, ambao ndio hutafuta tiba mitandaoni na ndio hulipa. Nimeyapa namba. Jambo likishaelezwa mahali nitakurudisha huko badala ya kulirudia.

## Goti lenyewe

1. Nimeambiwa goti langu "limesagika". Kilichosagika ni nini hasa?

Ni gegedu. Siku ukipita buchani ukakuta goti la ng'ombe limepasuliwa, tazama ncha ya mfupa. Utaona tabaka jeupe lenye usamawati kwa mbali, linateleza kama sahani iliyolowa, na ukilibonyeza kwa ukucha linabonyea kidogo kisha linarudi. Kwenye goti la mtu tabaka hilo lina unene wa milimita chache tu, mara nyingi 2 hadi 4. Kazi yake ni kuufanya mfupa uteleze juu ya mwenzake na kuusambaza uzito usikae mahali pamoja.

Kwa lugha ya hospitali ugonjwa huu ni osteoathraitisi. Jina la mtaani, kusagika, linatufanya tulione goti kama jiwe la kusagia lililoisha makali, na hapo ndipo linapopotosha. Kinachougua ni kiungo kizima. Mfupa ulio chini ya gegedu unakakamaa na kuota vipembe pembezoni, utando wa ndani unavimba, misuli ya paja inanyong'onyea. Likumbuke hili utakapofika swali la 8.

2. Ni uzee tu, au nimekosea mahali?

Umri una sehemu kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa wakiishi na osteoathraitisi, asilimia 73 kati yao wakiwa na zaidi ya miaka 55 na asilimia 60 wakiwa wanawake. Goti ndilo linaloongoza kwa kuugua.

Seli za gegedu nazo zinazeeka. Uwezo wake wa kuitikia ishara za ukuaji hupungua, na zenyewe huanza kutoa vimeng'enya vingi zaidi vinavyokatakata nyuzi zilizozizunguka. Juu ya hayo kuna uzito wa mwili, jeraha la zamani la mpira au la bodaboda, kazi za miaka mingi za kuchuchumaa na kubeba, na urithi wa familia. Watu wachache sana wana sababu moja tu.

3. Kidonda cha ngozi hupona chenyewe. Gegedu linashindwa nini?

Halina mishipa ya damu. Ngozi ikikatika, damu huleta chakula, seli za kufanya ukarabati na vichocheo vya ukuaji. Gegedu hulishwa na majimaji ya kiungo yanayoingia na kutoka kadiri unavyokanyaga na kunyanyua mguu. Seli zenyewe ni chache, zimefungiwa kila moja kwenye kijichumba chake, na hazizidi asilimia chache ya ujazo wote. Sehemu kubwa inayobaki ni maji na nyuzi za kolajeni, na kolajeni hiyo hubadilishwa polepole mno: ilipopimwa kwa watu wazima, muda wa nusu yake kubadilika ulikadiriwa kupita miaka 100.

Madaktari walilijua tatizo hili zamani. William Hunter aliandika London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Watafiti wa vichocheo vya ukuaji bado wanahangaika na sentensi yake ile.

4. Mimi nimeambiwa ute umeisha. Je, bamia na supu ya kongoro hazirudishi ute?

Ute na gegedu ni vitu viwili. Ute ni majimaji yanayolainisha kiungo na hutengenezwa na utando wa ndani. Kwa wagonjwa wengi wa osteoathraitisi haujaisha. Umekuwa mwepesi, na mara nyingine umezidi, ndiyo maana goti linavimba na daktari analazimika kuuvuta kwa sindano. Goti "kavu" ni neno tu.

Bamia ikiteleza kwenye sahani haitelezi hadi kwenye goti. Ikifika tumboni inameng'enywa kama chakula kingine chochote, na kongoro vilevile. Vile kama unavipenda, hakuna anayekukataza. Supu ya kongoro yenye mafuta mengi ukinywa kila asubuhi itakuongezea uzito, na huo goti litauhisi.

## Vichocheo vya ukuaji

5. Kichocheo cha ukuaji ni kitu gani?

Ni protini ndogo inayobeba ujumbe. Seli moja huitoa, nyingine huipokea kwenye kipokezi kilicho juu ya ngozi yake, kama kufuli na ufunguo, kisha hufanya ilichoambiwa: jigawe, tengeneza kolajeni, geuka uwe seli ya mfupa, au usife kwanza. Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa kugundua vichocheo vya kwanza vya namna hii.

Viko vya aina nyingi, na neno "ukuaji" lisikudanganye ukadhani vyote vinajenga. Kichocheo kimoja hujenga mahali fulani na kuharibu pengine. TGF-beta husaidia seli za gegedu, lakini wanasayansi walipoichoma kwenye magoti ya panya, panya hao waliota vipembe vya mfupa na utando wao wa ndani ukawa mgumu kama kovu. Kwa hiyo anayekuambia "tunakuwekea vichocheo vya ukuaji" hajakuambia chochote mpaka ataje kipi.

6. Kwenye tiba ya goti vinatumika vipi?

Kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutengeneza kichocheo kimoja maabara, kukisafisha na kukichoma kwa kipimo kinachojulikana; sprifermin (swali la 7) iko hapa. Ya pili ni kuchukua damu ya mgonjwa mwenyewe, kukusanya chembe sahani zake na kumrudishia gotini. Hiyo ndiyo PRP (swali la 10). Ya tatu ni kuchoma seli zilizobadilishwa jeni ili zitengeneze kichocheo zikiwa ndani ya goti, na njia hii ina kisa chake cha ajabu (swali la 16).

7. Sprifermin ni nini, na ilifika wapi?

Ni nakala ya kichocheo cha binadamu kiitwacho FGF-18, ambacho huzihimiza seli za gegedu zijigawe na kutengeneza nyuzi mpya. Iliendelezwa na kampuni ya Merck ya Darmstadt, Ujerumani. Kati ya vichocheo vyote vilivyojaribiwa kwa ajili ya magoti, hiki ndicho chenye ushahidi wa wazi kuliko vingine kwamba gegedu la mtu mzima linaweza kuongezeka unene, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Jaribio lake kubwa liliitwa FORWARD. Watu 549 wenye umri wa miaka 40 hadi 85, wote na osteoathraitisi ya goti, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matano. Manne yalipata sprifermin, ama mikrogramu 30 au 100, kila miezi 6 au kila miezi 12. La tano lilipata sindano isiyo na dawa. Kila awamu ilikuwa ya sindano tatu, moja kwa wiki. Baada ya miaka 2 unene wa gegedu ulipimwa kwa picha za MRI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019.

Waliopata mikrogramu 100 kila miezi 6 waliwazidi waliochomwa sindano isiyo na dawa kwa milimita 0.05 kwa wastani. Waliopata kipimo hicho kila miezi 12 waliwazidi kwa 0.04. Hao wa sindano isiyo na dawa wenyewe walipoteza 0.02. Kipimo kidogo cha mikrogramu 30 hakikufanya lolote la maana.

Milimita 0.05 ni kama nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Usicheke. Kwa ugonjwa ambao kwa karne zote umejulikana kwa kupunguza tu, nusu karatasi ya tofauti ni habari. Na walipofuatiliwa hadi mwaka wa 5, muda mrefu baada ya sindano ya mwisho, tofauti ya unene kati ya makundi ilikuwa bado ipo.

Kisha ukasomwa ukurasa wa maumivu. Makundi yote yalipata nafuu, na nafuu kubwa, pamoja na lile lililochomwa sindano isiyo na dawa. Walionenepa gegedu hawakuwapita wenzao kwa maumivu wala kwa uwezo wa kutembea.

8. Inawezekanaje gegedu liongezeke na maumivu yabaki palepale?

Hili ndilo swali kubwa la ukurasa huu wote, na huwa namwambia mgonjwa arudie jibu lake kwa maneno yake mwenyewe kabla hajaondoka.

Gegedu halina neva. Haliumi. Kinachouma ni vilivyolizunguka: mfupa wa chini yake, utando uliovimba, kano, misuli iliyochoka. Kuna watu ambao picha zao zinatisha na wanapanda ngazi, na kuna wengine picha ni nzuri na usiku hawalali. Ukiongeza hata nusu karatasi juu ya mfupa ambao tayari umeumwa, mfupa hauna sababu ya kunyamaza kesho yake.

Sababu nyingine ni sindano yenyewe. Kuchomwa gotini na daktari anayekusikiliza, ukiwa na matumaini, huleta nafuu halisi hata kama ndani ya bomba ni maji ya chumvi. Dawa inayotaka kujionyesha lazima ipande juu ya nafuu hiyo.

Watafiti walirudi kuchambua wale walioanza na gegedu jembamba na maumivu makali, wakaona dalili kwamba kwao maumivu yalipungua zaidi. Inatia moyo. Lakini kundi hilo lilichaguliwa baada ya matokeo kujulikana, na lililopatikana kwa njia hiyo huhitaji jaribio jipya la kulithibitisha.

9. Nitaipata wapi sprifermin? Nairobi? India?

Hakuna nchi iliyoiidhinisha iuzwe. Nje ya jaribio la kitabibu haipatikani kihalali, iwe Nairobi, Dar es Salaam, Mumbai au Dubai. Akitokea mtu anayekuuzia kichupa chenye jina hilo, huyo anakuuzia kitu kingine. Kwa Tanzania dawa husajiliwa na TMDA, kwa Kenya na Bodi ya Famasi na Sumu. Jina la dawa lisipokuwa kwenye orodha yao, usikubali lipite kwenye ngozi yako.

## PRP, ile inayopatikana kwetu

10. PRP inafanywaje?

Unatolewa damu mkononi, kwa kawaida mililita 15 hadi 60, ikiingizwa kwenye mirija yenye dawa ya kuizuia isigande. Mirija inawekwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa kasi. Ikitoka, damu imejitenga: chini nyekundu nzito, katikati utepe mwembamba mweupe, juu maji ya rangi ya manjano kama samli iliyoyeyuka. Chembe sahani ziko kwenye manjano karibu na ule utepe. Huvutwa mililita chache na kurudishwa gotini, mara nyingi kwa kuongozwa na ultrasaundi.

Chembe sahani ni zile zinazogandisha damu ukijikata. Zimebeba vifuko vyenye vichocheo kadhaa vya ukuaji, PDGF, TGF-beta, VEGF, IGF-1 na vinginevyo, na huvimwaga zinapoamshwa. Hapo ndipo ilipozaliwa hoja ya kuzitumia kwenye viungo.

Tofauti yake na sprifermin ni kubwa. Kule ni kichocheo kimoja kwa kipimo kinachojulikana. Huku ni mchanganyiko unaotegemea damu yako siku ile, aina ya mirija, kasi ya mashine, na kama chembe nyeupe zimeachwa ndani au zimetolewa. Kliniki mbili za mtaa mmoja zinaweza kukuchoma vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

11. Inafanya kazi au haifanyi?

Utafiti mdogo mdogo ni mwingi, na mwingi wake unaipendelea PRP, hasa ikilinganishwa na sindano ya jeli (swali la 13). Tatizo ni kwamba katika tafiti nyingi mgonjwa au daktari alijua kilichochomwa, na tumeshaona matumaini yanavyofanya kazi.

Jaribio lililofungwa vizuri zaidi ni la Australia, lililoitwa RESTORE na kuchapishwa mwaka 2021. Watu 288 wa Sydney na Melbourne walichomwa sindano tatu, moja kila wiki, ya PRP au ya maji ya chumvi. Wote walitolewa damu, na bomba likafunikwa ili rangi isitoboe siri. Baada ya miezi 12, kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, wa PRP walishuka pointi 2.1 na wa maji ya chumvi 1.8, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Gegedu la ndani ya goti lilipungua asilimia 1.4 kwa wa PRP na 1.2 kwa wa maji ya chumvi.

Soma tena namba ya mwisho. PRP haikuotesha gegedu. Kliniki ikikuonyesha mchoro wa goti jeusi likigeuka jeupe baada ya sindano tatu, huo ni mchoro. Miongozo ya chama cha wataalamu wa baridi yabisi cha Marekani ya mwaka 2019 inapinga vikali matumizi yake kwa osteoathraitisi ya goti na nyonga, sababu mojawapo ikiwa ni huo utofauti wa utengenezaji.

Maoni yangu, na ni maoni: mtu mwenye ugonjwa wa kiwango cha kati, ambaye ameshafanya mazoezi kwa miezi na ana pesa isiyomuuma, akitaka kujaribu simzuii. Anayetaka kuuza kiwanja namzuia.

12. Shangazi yangu alichomwa PRP mwaka jana na sasa anaenda sokoni kwa miguu. Mnataka kusema anadanganya?

Hadanganyi. Hata wale wa maji ya chumvi wengi walipata nafuu, na nafuu yao ilikuwa ya kweli. Osteoathraitisi huwa na misimu: watu huenda kuchomwa sindano wakati maumivu yamepanda kileleni, na kutoka kileleni njia ni ya kushuka. Tena muulize shangazi kama baada ya sindano aliambiwa apunguze uzito na afanye mazoezi. Mara nyingi aliambiwa, na mara nyingi alitii kwa sababu alikuwa amelipa.

13. PRP ina tofauti gani na sindano ya steroidi na ile ya jeli?

Steroidi hutuliza uvimbe. Hufanya kazi haraka, kwa wiki chache. Haijengi gegedu, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwachoma watu kila wiki 12 kwa miaka 2 na kukuta wamepoteza milimita 0.21 za unene dhidi ya 0.10 kwa waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yalikuwa sawa. Mara moja moja, kwa goti lililofura, ina nafasi yake. Kuifanya ratiba ni kosa.

Jeli ni asidi ya haialuroniki, kitu kilichomo kwenye ute wa kawaida. Ndiyo inayoitwa "kuongeza ute" au "kuongeza oili". Nayo si kichocheo cha ukuaji.

14. Madhara ya sindano za vichocheo ni yapi?

Baada ya PRP goti huuma na kujaa kwa siku mbili tatu. Paracetamol na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa hutosha. Madaktari wengi hukuomba uache diclofenac na ibuprofen kwa siku kadhaa kabla na baada, kwa kuwa zinaingilia kazi ya chembe sahani. Kwenye jaribio la sprifermin pia malalamiko ya kawaida yalikuwa maumivu ya kiungo.

La kuogopa ni vijidudu kuingia ndani ya kiungo. Hutokea mara chache, lakini likitokea linakula gegedu ndani ya siku. Goti likiwa la moto, jekundu, limevimba zaidi kila saa na una homa au kutetemeka, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje Jumatatu.

15. Niulize nini kabla ya kulipa?

Uliza jina kamili la kitakachochomwa. Mzee mmoja aliniletea risiti iliyoandikwa "seli shina", yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine. Tulipompigia simu aliyemhudumia, ikawa ni PRP, damu yake mwenyewe, kwa bei iliyovaa koti. Uliza nani anachoma na ataongozwa na nini, bei ni ya sindano moja au ya zote, na watapimaje kama umepona: kwa maumivu na hatua unazotembea, au kwa picha? Wakijibu "gegedu litarudi", umeshapata jibu la maswali mengine yote.

## Maswali ya pembeni

16. Nilisikia Korea walikuwa na dawa ya jeni ya goti. Iliishia wapi?

Iliitwa Invossa, ya kampuni ya Kolon. Iliidhinishwa Korea Kusini Julai 2017: seli za gegedu kutoka kwa mchangiaji, zikichanganywa na nyingine zilizowekewa jeni ya TGF-beta 1. Zaidi ya watu 3,000 walichomwa. Mwaka 2019 uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba zile zilizobeba jeni hazikuwa seli za gegedu hata kidogo. Zilitokana na mstari wa seli za figo za kijusi uitwao 293, ambao viwanda huutumia kutengenezea virusi vya kubebea jeni. Zilikuwa zimepigwa mionzi ili zisiweze kujigawa, na ndiyo ponapona ya waliochomwa. Idhini ikafutwa mwaka huohuo. Marekani ilisimamisha majaribio Mei 2019, kisha Aprili 2020 ikaruhusu yaendelee.

17. Na seli shina?

Ni mada nyingine, ingawa mara nyingi huuzwa kwenye meza moja. Miongozo niliyoitaja swali la 11 inazipinga vikali pia. Rudi swali la 15 kabla ya kufungua pochi.

18. Kitu kinachokuza seli hakiwezi kuleta saratani?

Ni swali la haki. Kichocheo cha PDGF kiliwekwa kwenye jeli ya kupaka vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, jina lake becaplermin. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiwekea onyo zito kuhusu vifo vya saratani. Baada ya takwimu za ufuatiliaji kukusanywa, onyo hilo liliondolewa mwaka 2018. Kwa magoti, miaka 5 ya FORWARD haikuonyesha hatari ya namna hiyo. Hata hivyo mwenye saratani, au aliyetibiwa karibuni, amweleze daktari kabla ya sindano yoyote ya kundi hili.

19. Mbona kuna dawa iliyokuwa inazuia kichocheo cha ukuaji ili kutibu goti?

Hapo ndipo utaona kuwa biashara hii haiendi upande mmoja. NGF ni kichocheo cha neva, na kwenye goti lililovimba hukuza maumivu. Tanezumab ilikuwa kingamwili ya kukifunga. Maumivu yalipungua kweli. Lakini baadhi ya wagonjwa viungo vyao viliharibika kwa kasi isiyo ya kawaida, na Machi 2021 washauri wa FDA walipiga kura 19 kwa 1 wakisema faida haizidi hatari. Miezi michache baadaye watengenezaji waliiacha.

Iweke kando ya sprifermin: moja ilinenepesha gegedu bila kutuliza maumivu, nyingine ilituliza maumivu huku viungo vikiharibika.

20. Goti limeshapinda na kwenye eksirei mfupa umegusana na mfupa. Sindano itasaidia?

Hapana. Kichocheo hutuma ujumbe kwa seli; pasipo seli hakuna wa kuupokea. Jaribio la FORWARD lenyewe halikuchukua watu wa hatua hiyo. Hapa mazungumzo ni ya upasuaji wa kuweka goti bandia, unaofanyika MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam), hospitali ya Kikuyu nchini Kenya na hospitali nyingine za kanda. Pesa ya sindano tatu tatu kila mwaka iwekwe huko.

21. Nina kisukari na natumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Vipi?

Kisukari hakikuzuii PRP, lakini sukari iliyopanda huongeza hatari ya maambukizi, hivyo ishushwe kwanza. Steroidi ndiyo itakayokupandishia sukari kwa siku kadhaa. Kuhusu dawa ya damu, usiiache kwa uamuzi wako. Aliyekuandikia na anayekuchoma wazungumze.

22. Nina miaka 34, goti liliumia uwanjani. Haya yananihusu?

Nusu tu. Shimo moja kwenye gegedu la kijana lina matibabu yake ya upasuaji, na kano iliyokatika inahitaji daktari wa mifupa mapema. Takwimu nyingi za hapo juu ni za magoti ya watu wa makamo na wazee.

23. Basi leo nifanye nini, wakati sayansi inajipanga?

Paja. Kaa kwenye kiti kigumu, mikono kifuani, simama na kukaa mara kumi, asubuhi na jioni. Ukishazoea, shusha polepole ukihesabu hadi nne. Wiki mbili za kwanza goti litalalamika na halitaharibika. Kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takribani kilo 4 kwa kila hatua. Jeli ya diclofenac ya kupaka ina ushahidi mzuri kuliko dawa nyingi za kuchua zinazouzwa kwenye mabasi. Na fimbo: nusu ya wanaokuja kwangu wameishika upande wa goti bovu. Ishike mkono wa upande wa goti zima, isonge mbele pamoja na mguu unaouma.

Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha plastiki kilichotobolewa, mafundi wanakitengeneza.

24. Naweza kuendelea kuswali kwa kusujudu?

Kama unashuka na kuinuka bila maumivu ya kukuamsha usiku, endelea. Kupiga magoti kwa muda wa swala hakumalizi gegedu. Weka mto mwembamba chini ya magoti, na unapoinuka tanguliza mguu mzima ukiegemea kiti kilicho mbele. Usipoweza, rukhsa ya kuswali umekaa ipo. Chagua kiti kisicho na magurudumu, kimo chake kiwe cha kuyafanya mapaja yalale sawa na sakafu, na kiegemee ukuta. Mama mmoja alianguka kwenye kiti cha plastiki kilichoteleza juu ya vigae wakati anarukuu. Goti halikupata kitu, ila mkono ulivunjika.